Mkwe Wangu na Sindano ya Mgongo

Mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa kwanza nilianza kuvaa vikwembe, yaani vitenge, vyeusi tu, na watu wa mtaa wetu hapa Kamina wakadhani nimefiwa. Mzazi mmoja wa mwanafunzi wangu alinisimamisha njiani akanipa pole. Niliipokea. Ilikuwa rahisi kupokea pole ya msiba usiokuwepo kuliko kumweleza kwamba nguo nyeusi haionyeshi pale ilipolowa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya parokia. Nina miaka hamsini na sita. Nimezaa mara saba, watoto watano wako hai. Kama walimu wengi wa huku, nikitoka darasani nashika jembe. Tuna shamba la mahindi na mihogo upande wa barabara ya Kaniama, mwendo mrefu kwa miguu, na kwa miaka mingi mihogo ile ilirudi nyumbani juu ya kichwa changu. Nasema haya ili mama anayesoma ajue kwamba sikuwa mtu wa kuuguaugua. Nilikuwa mtu wa kubeba.

Ilianza kwa matone. Nikikohoa, mkojo unatoka. Nikicheka, unatoka. Nikiinama kuokota chaki, unatoka. Nilijiambia ni uzee, ingawa mama yangu alizeeka kunizidi na sikuwahi kumwona akiwa hivyo, au labda hakutaka nione. Halafu siku moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, nilitua karai la mihogo uani nikahisi kitu kimeshuka chini kwenye uke, laini na kizito, kama yai lililomenywa. Nililala chali, kikarudi. Nikasimama, kikashuka. Niliketi kwenye kinu kilicholazwa, nikakaa hapo mpaka mboga ikaungua jikoni.

Sikumwambia mtu yeyote. Na hapa naomba wasomaji wanivumilie, maana nataka kusema jinsi mtu anavyoficha jambo kama hili, pengine kuna anayefanya hivyo leo. Nilikata shuka kuukuu vipande vipande nikawa navikunja na kuvivaa. Nilivifua alfajiri na kuvianika chini ya nguo nyingine. Niliacha kunywa maji tangu asubuhi mpaka shule ifungwe, nikidhani asiyekunywa hakojoi. Nilifundisha nikiwa nimeketi, watoto ndio wakawa wanaandika ubaoni badala yangu. Kanisani nilihamia benchi la mwisho karibu na mlango. Kila nilipoingia mahali penye watu nilijinusa kwanza.

Na nilihama kitanda. Mume wangu, Banza, ni seremala, mtu wa maneno machache. Nilimwambia joto linanisumbua, nikaenda kulala kwenye chumba cha magunia ya mahindi. Mvua zilipokwisha na baridi ya kiangazi ikaja, bado nililala huko. Aliniuliza mara moja tu kama kuna jambo, nikasema hakuna. Baada ya hapo alianza kuchelewa kurudi kutoka karakana. Tulikula bukari yetu, yaani ugali, tukiwa tumeangaliana kama watu wanaongoja gari tofauti.

Hospitali nilikwenda mara tatu bila kusema ukweli. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, katikati ya mama mwenye mtoto wa surua na mzee mwenye kikohozi. Zamu yangu ilipofika, kijana wa kuandikisha aliniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje ugonjwa gani. Nyuma yangu alikuwa ameketi mama wa mwanafunzi wangu. Nikasema tumbo. Nikapewa dawa ya minyoo. Mara ya pili nikasema tumbo tena. Mara ya tatu nikasema mgongo, maana kufikia wakati huo mgongo uliuma kweli, na mkojo ulikuwa unachoma kama pilipili. Nilikuwa na homa, nimeshika ukuta nikitafuta mlango wa kutokea.

Hapo ndipo Mama Mwadi aliponiona. Mama Mwadi ni muuguzi wa upande wa uzazi, mwanamke mnene, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alinitazama ninavyotembea, akaja akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye chumba chake na kufunga mlango. Hakuniuliza ugonjwa gani.

“Mwalimu,” alisema, “mukojo inatoka yenyewe?”

Nililia. Sikuwa nimelia mbele ya mtu tangu nizike mtoto wangu wa pili. Aliniacha nimalize, akanipima, akanawa mikono, kisha akavuta kiti akaketi karibu nami.

“Hii iko na jina, na iko na dawa. Kibofu yako imeshuka. Nimeona bamama wengi na hii hapa Kamina, wengine nawaona kila Yenga ku misa. Hauko weye tu.”

Yenga ni siku ya Mungu, Jumapili. Maneno hayo yalinipa usingizi wa usiku mzima. Nilikuwa nimeketi benchi la mwisho mwaka mzima nikidhani ni peke yangu, kumbe katika zile safu zilizo mbele yangu kulikuwa na wenzangu waliokunja vipande vyao vya shuka.

Kwanza walitibu uchafu uliokuwa umeingia kwenye mkojo. Vidonge kwa siku kumi, na maji. Mama Mwadi alinigombeza sana juu ya maji. Alisema kuacha kunywa ndiko kulikofanya mkojo ukolee na kuchoma, na kwamba nimejiadhibu bure. Alinifundisha pia kukaza misuli ya huko chini, kama mtu anayezuia haja, kisha kulegeza, mara nyingi kwa siku. Nilifanya hivyo watoto wakiandika imla. Ilisaidia kidogo, lakini yai lilibaki pale pale. Daktari alinipima mwezi wa nne, akasema kibofu kinapaswa kurudishwa juu na kushonwa, na kwamba ningoje kiangazi, shule ikifungwa, ili nipate muda wa kupona.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Hospitali ilikuwa na wauguzi wawili wanaojua kulaza watu kwa ajili ya upasuaji, kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Mmoja alikuwa amekwenda Lubumbashi kuongeza masomo na angerudi mwaka ujao. Aliyebaki ni Kazadi.

Kazadi ni mume wa binti yangu Mujinga.

Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze. Sisi Baluba, mkwe wa kiume na mama wa mke wake ni bukwe, na bukwe ni heshima yenye uzito. Hawatazamani usoni. Hawali chungu kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Kazadi alikuwa amemwoa Mujinga miaka sita, na katika miaka hiyo sita hatukuwa tumesemezana neno moja kwa moja. Akija kwetu alikohoa kwenye ua, nami nikaingia jikoni. Akiwa na la kuniambia alilisema kuelekea ukutani: Mujinga, ambia mama hivi na hivi. Yeye ni mtoto wa watu wa reli. Baba yake alikuja na kazi kutoka Kasai, mama yake ana asili nyingine kabisa, na kule kwenye nyumba za reli watu wamechanganyika, mambo haya hawayashiki sana. Lakini aliyashika kwa ajili yetu, na nilimpenda kwa hilo, jinsi mtu anavyoweza kumpenda mtu aliyemwona kisogo tu.

Sasa huyo ndiye angeuona mgongo wangu wazi, na mimi nimelala bila nguo mezani. Nilimwambia daktari kwamba tutakwenda Lubumbashi. Alitikisa kichwa, akasema ni shauri letu.

Safari ya Lubumbashi isingewezekana bila kumwambia Banza. Nilimwambia Jumapili moja baada ya misa, tukiwa tumeketi nyuma ya nyumba. Nilisema yote: vipande vya shuka, yai, kwa nini nililala na magunia. Alisikiliza huku anakwaruza kipande cha ubao kwa ukucha.

“Kumbe njo ile,” alisema mwishoni, yaani kumbe hiyo ndiyo sababu. Akaweka ubao chini. “Nilizania umenichoka.”

Sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba na yeye alikuwa anaumwa na jambo hilo. Nilikuwa nimemficha ugonjwa nikampa mwingine. Kesho yake hakwenda karakana. Alikaa uani siku nzima akapiga randa, na jioni akanionyesha kiti chenye tundu katikati na ndoo chini yake, ili nisichuchumae tena usiku. Kingo za tundu alikuwa amezisugua kwa msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Usiku ule nilirudi kwenye kitanda chetu.

Aliyepokea habari vibaya ni Yaya Kabange, dada mkubwa wa Banza, maana kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa. Ni mjane, nyumba yake iko ng’ambo ya ua wetu, na mambo ya ukoo yote hupita kwake. Aliposikia jina la Kazadi likitajwa pamoja na upasuaji, aliweka chini ungo aliokuwa anapepeta.

“Mutoto ya bantu aone uchi ya mama ya bibi yake? Muniue kwanza.” Bibi kwetu ni mke.

Alisema ukoo utachekwa mpaka Malemba-Nkulu. Alisema Mujinga hatazaa tena. Alisema Lubumbashi kuna hospitali nyingi na waganga wasiotujua. Hakuna aliyembishia, na mimi kidogo kuliko wote, kwa kuwa alikuwa anasema yale ambayo hata mimi niliyaogopa.

Shule ilifungwa, baridi ikaingia, tukaambiwa treni ya Lubumbashi itapita Jumanne. Jumanne tulikuwa kituoni na mizigo yetu, mimi, Banza na Yaya Kabange aliyejitolea kunisindikiza. Treni haikuja. Wakasema kesho. Mtu aliyewahi kungoja treni huku anajua: unaketi juu ya mzigo wako, unapika hapo hapo, unafahamiana na majirani, na huondoki, maana ukiondoka itapita. Mimi nilirudia ujinga wangu wa zamani, nikaacha kunywa maji ili nisisumbuke kwenye behewa.

Asubuhi ya pili nilihisi haja kubwa ya kukojoa, nikaenda nyuma ya bohari. Hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena, nikajaribu nimelala, nikajaribu nimeinama. Hakuna. Kufikia saa nne tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitovu kama la mimba ya miezi mitano, na maumivu yake siwezi kuyalinganisha na uzazi, kwa sababu uzazi hupumzika kidogo. Hili halikupumzika. Nilimwambia Banza nakufa. Alitazama huku na huku, akaona pusupusu, yaani mkokoteni wa kubebea mizigo ya abiria. Wakanilaza juu yake, yeye akasukuma pamoja na mwenye mkokoteni, Yaya Kabange akikimbia nyuma ameshika viatu vyangu. Kila jiwe la barabara ile nililisikia.

Hospitali, kwenye kibaraza cha upande wa uzazi, hakukuwa na mtu isipokuwa Kazadi. Alikuwa anatoka chumba cha upasuaji na kofia ya kijani kichwani. Aliniona juu ya mkokoteni, na mara hiyo hiyo akageuza uso ukutani. Akamuuliza Banza maswali matatu, haraka, bila kugeuka. Kisha akaondoka mbio kumwita Mama Mwadi, aliyekuwa anazalisha.

Waliniingiza ndani. Mama Mwadi alikuja na damu ya mtu mwingine bado kwenye aproni, akasema anahitaji mpira wa mkojo, ule wauguzi wanaouita sonde, na glavu na mfuko. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Katika upenyo ule uliingia mkono umeshika glavu. Ukarudi, ukaingia tena na mpira. Ukarudi, ukaingia na mfuko. Mkono tu. Niliutazama kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama.

Halafu mpira ukapita na mkojo ukaanza kushuka. Sijui namna ya kuandika faraja ile. Nimesali maisha yangu yote na sijawahi kushukuru kama nilivyoshukuru kwa sauti ya mkojo wangu mwenyewe ukiingia kwenye mfuko wa plastiki. Mama Mwadi aliufunga, akaweka mwingine. Alipofungua mlango kutoka, nilimwona Kazadi bado amesimama pale pale kwenye kibaraza, paji la uso limegusa ukuta, mikono nyuma. Alikuwa amesimama hivyo tangu alipopitisha mfuko.

Daktari alisema nisithubutu kupanda treni ya siku nyingi na mpira mwilini, uchafu utaingia tena. Alisema angeweza kunipasua baada ya wiki mbili. Usiku sikulala vizuri, lakini kulipokucha nilikuwa nimeamua, na nilishangaa kwamba halikuwa jambo gumu. Nilimwambia Banza, mbele ya Yaya Kabange, kwamba Kazadi ndiye atakayenilaza. Yaya Kabange akaanza tena habari ya ukoo. Sijawahi kumjibu kabla ya siku ile. Nilimjibu kwa utulivu.

“Yaya, ule mutoto alisimama uso ku ukuta mpaka minyi nikapona. Heshima gani ingine tunatafuta?”

Alichukua kikwembe chake akatoka. Banza hakumfuata. Alifanya lile lililo jema kuliko yote: alikwenda kwenye nyumba za reli kuongea na baba yake Kazadi. Yule mzee, aliyefanya kazi ya reli mpaka magoti yakamwisha, alielewa kuliko nilivyodhani. Alikuja kwetu Jumamosi na kuku mweupe na kikwembe kipya, akaviweka mbele ya Banza, akasema mtoto wao anaomba njia ya kumhudumia mama bila kumvunjia heshima. Banza akapokea, akasema njia imefunguliwa kwa kazi ile. Kuku akapikwa tukala wote, mimi nikiwa na mfuko wangu wa mkojo umefunikwa kwa kitambaa pembeni ya kiti. Chakula kilipelekwa ng’ambo ya ua. Kikarudi hakijaguswa.

Asubuhi ya upasuaji kulikuwa na baridi ya kung’ata. Nilivishwa gauni lililofungwa nyuma kwa kamba, nikaingizwa chumbani, nikaambiwa niketi ukingoni mwa meza, nikumbatie mto, nikunje mgongo kama paka. Mama Mwadi alisimama mbele yangu akanishika mabega. Nilisikia mtu anaingia, maji yanamiminika anaponawa mikono, hatua zinakuja mpaka nyuma yangu, zikasimama. Walikuwa wamenifunika vitambaa mwili mzima, wameacha dirisha dogo tu chini ya kiuno.

“Mama,” ilisema ile sauti niliyoizoea ikiongea na ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita. “Minyi niko nyuma yako. Hatutaonana. Unipatie ruhusa niguse.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa sindano, sikujiandaa kwa swali.

“Gusa, baba,” nikamwambia.

Vidole vyake vilihesabu mifupa ya mgongo wangu. Sindano ilichoma, kisha joto likashuka mapajani kama maji ya kuoga, kisha miguu ikawa si yangu. Wakanilaza, wakatundika kitambaa mbele ya kifua changu. Kazadi alikaa nyuma ya kichwa changu, mahali ambapo yeye hawezi kuniona uso vizuri wala mimi yeye. Alieleza kwamba nitakuwa macho, ila sitasikia maumivu, na kwamba anatakiwa aniongeleshe ili ajue niko vizuri.

Miaka sita hatukuwahi kuongea, tungeanza wapi? Upande wa pili wa kitambaa daktari aliomba mkasi. Nikaanza kuogopa, pumzi ikawa fupi. Kazadi akaona kwenye mashine yake.

“Mama, uko na batoto ngapi mu kalasa?”

Nikasema arobaini na wanane. Akaniomba nimtajie. Basi nikaanza, kama ninavyoita asubuhi kwenye daftari la mahudhurio: Banze, Ilunga wa kwanza, Ilunga wa pili, Kabamba, Kalonji. Yeye akiuliza, huyo ni mtoto wa nani, nami nikimwambia. Huyu ni wa yule mshona viatu wa sokoni. Huyu anaandika kwa mkono wa kushoto na wazazi wanataka nimlazimishe, nimekataa. Huyu baba yake alihamia Mulongo kuvua samaki, analala njaa siku nyingine, nampa muhogo. Kazadi aliniambia kwamba mmoja wao alimlaza mwaka jana, akikatwa kidole tumbo, na aliimba mpaka usingizi ukamchukua. Tulifika kwenye herufi ya N, kwa akina Ngoy, ambao ni wengi, nikamsikia daktari anasema amemaliza.

“Tulibakisha wangapi?” akauliza Kazadi.

Nikamwambia kumi na mmoja. Akasema basi tutawamalizia siku nyingine. Sauti yake ilikuwa imelegea, ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameogopa kunizidi.

Nililala wodini siku tano na mpira. Mujinga alinifulia, Banza alileta uji asubuhi na jioni kwenye kopo lililofunikwa kwa sahani. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama wa kijijini aliyejifungua kwa kupasuliwa, alikuwa hajui kusoma, nikamsomea maandishi ya dawa zake, na yeye akanichana nywele. Siku ya tano Mama Mwadi alitoa mpira, akanipa chupa kubwa iliyokatwa mdomo, akasema nikojoe humo ili tuone. Nilikaa chooni nikiogopa kwamba nitarudi na chupa tupu. Mkojo ukaja. Ukaja taratibu, ukasimama nilipotaka usimame, ukaendelea nilipotaka. Nilitoka nimeshika ile chupa mbele yangu kwa mikono miwili, nikapita nayo katikati ya wodi bila haya, na wanawake wakapiga makofi.

Nisiseme uongo kwamba yote yaliisha siku ile. Wiki mbili damu kidogo ilitoka. Nilikatazwa kubeba kitu chochote kizito kwa miezi mitatu, na mihogo nisibebe tena kichwani maisha yangu. Kwa mtu aliyejijua kwa kubeba, hilo lilinisumbua kuliko kidonda. Banza na watoto waliingia shambani, majirani wakasema nimekuwa mama wa ofisini. Niliacha waseme. Miezi hiyo tulikaa na mume wangu kama daktari alivyoagiza, na alingoja bila kununa, maana safari hii alijua anangoja nini. Hata sasa nikipiga chafya kubwa bila kukaza, tone linaweza kutoka. Tone moja. Najua kuishi na tone moja. Septemba nilirudi darasani na nilifundisha nimesimama.

Kazadi bado anakohoa kwenye ua na mimi bado naingia jikoni. Njia ilifunguliwa kwa kazi ile tu, na sisi wote wawili tunapenda iwe hivyo. Tofauti ni kwamba sasa akiwa uani ananiita mwenyewe, ananiuliza mama umelala namna gani, nami namjibu kupitia ukuta.

Yaya Kabange hakukanyaga kwetu tangu Julai. Mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imetufungia ndani, alivuka ua amejifunika gunia kichwani. Aliuliza Banza yuko wapi, nikasema karakana. Akaketi. Aliongea juu ya panya wanaokula mahindi yake, juu ya bei ya sabuni, kisha akaniuliza, akitazama mlango, ile yangu ilianza namna gani.

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Yangu ilianza ku mutoto yangu ya mwisho,” alisema.

Mtoto wake wa mwisho ana ndevu, na ana watoto wawili.

Nilikumbuka tulivyokaa kituoni siku mbili juu ya mizigo, bega kwa bega, na yeye pia hakunywa maji, na sikujiuliza kwa nini. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kikwembe chake.

“Wakati nilikukataza,” alisema, “nilikuwa naogopa. Kama weye unapona, minyi nitabaki hivi na sababu gani?”

Nilimwambia kwa Mama Mwadi mlango unafungwa, na kwamba nitakwenda naye. Akauliza kama kuna mwingine wa kulaza watu. Nikasema yule mwingine hajarudi kutoka masomoni, yuko Kazadi tu, na kwa hesabu za ukoo yeye Kabange, dada wa baba yake Mujinga, ni bukwe wake kama mimi. Akasema atanunua kuku mwenyewe.

Nimeandika kurasa hizi kwa vipande, na hiki cha mwisho nakiandika kwenye benchi la kibaraza, nje ya chumba cha upasuaji. Yaya Kabange yuko ndani tangu saa mbili. Alikataa kushikwa mkono akiingia. Maneno siyasikii yote kwa sababu ya mlango, lakini sauti naisikia, haina mapumziko: anamweleza Kazadi mambo ya ukoo wetu tangu mwanzo, nani alimzaa nani na nani alimdhulumu nani shamba, na kila anapovuta pumzi namsikia mkwe wangu akijibu, taratibu, ndiyo mama, ndiyo mama.